Swali la Saba

Zebedayo alikuwa karani wa gereza la mashamba lililokuwa nyuma ya Pongwe, na kama kungekuwa na zawadi ya adabu katika jimbo zima la Tanga, angeichukua yeye, na mwaka uliofuata angeichukua tena. Sisemi hivi kumsifu. Adabu ndiyo iliyomponza, na laiti ingemponza yeye peke yake nisingekuwa na la kusimulia.

Alikuwa Msambaa wa milimani, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, aliyeshuka pwani kutafuta kazi ya kalamu. Kaptula yake ilipigwa pasi kila asubuhi. Baiskeli aliiendesha polepole asije akamtimulia mtu vumbi, na akikutana na mzee njiani alishuka kabisa, akaishika usukani, ndipo akatoa shikamoo yake. Wafungwa aliwaita "bwana", maaskari wakafa kwa kicheko. Mkewe, Dorkasi, alizoea kumtania kwamba hata kuku akiingia sebuleni, Baba Ruthi humtaka radhi kwanza ndipo amfukuze.

Mwaka wa hamsini na tano akaja gerezani Mzungu mmoja wa makamo, mrefu, mwenye mafua yasiyokwisha. Alikuwa daktari, lakini hakuwa na sindano wala dawa. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Wakubwa walimpa ruhusa ya kuchunguza jambo moja: mwanamume aliyefungwa kwa kumnajisi mwanamke, je, anaweza kutengenezwa akarudi kwa watu, au ni kumfungia tu mpaka siku zake ziishe, kisha kumfungulia na kumwomba Mungu? Wafungwa wa kosa hilo walikuwa kumi na mmoja. Jina la daktari lilikuwa gumu mdomoni, wakamwita Dakta Maswali. Mwenyewe alipoelezwa maana yake alicheka sana, akapenga kamasi.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai, basi Zebedayo akafanywa mkalimani. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi walikaa watatu, daktari, karani na mfungwa mmoja, katika kibanda cha mabati kilichokuwa cha kunolea majembe. Mfungwa alitakiwa asimulie siku ya kosa lake tangu alipoamka, bila kuruka. Zamu yake ikirudi, asimulie tena, na tena. Akiruka mahali, daktari humrudisha. Yule mwanamke alikuwa anafanya nini? Alishika nini mkononi? Alisema nini? Wewe ulisikia alichosema? Daktari aliamini kwamba watu wa namna hii wamejizoesha kutomwona mwanamke kuwa ni mtu, na kwamba mmoja wao akilazimishwa kumwona, kidogo kidogo, mpaka alichokiona kimuume, hatarudia.

Sasa mfikirie Zebedayo hapo katikati. Maneno ambayo hakuwahi kuyatamka hata chumbani na mkewe ilimpasa ayatoe Kiswahili ayatie Kiingereza, kisha ayarudishe. Masikio yalimwaka moto. Jumanne na Ijumaa hakuweza kula mchana. Dorkasi alidhani ni tumbo, akawa anamchemshia mchaichai, naye anaunywa na kushukuru.

Katika wale kumi na mmoja alikuwamo Msafiri, mkwezi wa minazi kutoka Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Umri wake miaka thelathini hivi, nyayo zake zimejaa sugu. Mchana mmoja, watu wako mashambani, alivunja mlango wa jirani yake Mzee Mwinyijuma, akamnajisi binti wa mzee huyo, Mwanasiti, mwanamke wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa amerudi kwa baba yake baada ya kuachika. Alihukumiwa huko mjini miaka minne. Lakini kule Mwera habari ilifunikwa. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kijiji kiambiwe kwamba Msafiri amefungwa kwa kuvunja nyumba na kuiba, na kijiji, ama kiliamini, ama kilijitia kuamini, kikanyamaza. Jina la Mwanasiti likabaki safi midomoni mwa watu. Haya yote Zebedayo aliyajua, maana Msafiri mwenyewe aliyasimulia kibandani na yeye mwenyewe aliyatafsiri. Aliyajua, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Shetani alinipitia," Msafiri alisema siku ya kwanza.

Zebedayo akatafsiri. Daktari akapenga kamasi. "Mwambie shetani hakupewa miaka minne. Aliyepewa ni nani?"

Ilichukua miezi mitano kumtoa shetani katika habari ile. Msafiri alizunguka, alikasirika, alijifanya mgonjwa, siku nyingine alikaa kimya saa nzima akikwaruza sugu za miguu. Mpaka Ijumaa moja alipofika mahali pa kusema Mwanasiti alikuwa ameshika nini. Alikuwa ameshika ukili. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, na ule ukili hakuuachia, aliung'ang'ania mkononi tangu mwanzo hadi mwisho. Msafiri alipolisema hilo akaangua kilio mpaka askari wa nje akaja kuchungulia.

"Ni mimi," akasema. "Bwana karani, mwambie. Ni mimi, hapana mwingine."

Zebedayo alitafsiri neno kwa neno. Tangu siku ile akaiamini kazi ya daktari. Kwa hilo simlaumu hata kidogo, kwa sababu Msafiri alikuwa amebadilika kweli.

Oktoba ya mwaka wa hamsini na sita daktari aliandika kwa wakubwa kuomba Msafiri afunguliwe mapema, miezi kumi kabla ya siku zake, ili ionekane kama mtu aliyetengenezwa ataweza kuishi palepale alipoharibu. Wakubwa walikubali kwa sharti moja: kijijini kuulizwe kwanza. Daktari akapiga taipu maswali kumi, akampa Zebedayo ayapeleke Mwera. Swali la saba lilikuwa hili: Mwanamke mwenyewe anasema nini juu ya mtu huyu kurudi? Neno "mwenyewe" alilipigia mstari kwa wino mwekundu.

"Akisema hapana," daktari alimwambia, "basi ni hapana. Msafiri atamaliza kifungo chake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bwana."

Alipanda basi asubuhi na mapema mpaka Pangani, akavuka mto, akapata lori la mashamba ya mkonge lililomshusha Mwera saa tano. Njia nzima alikuwa akijipanga. Angeomba kwa upole Mwanasiti aitwe, pamoja na mama mtu mzima wa kukaa naye. Angeuliza swali moja, angesikiliza jibu moja, angeaga.

Mzee Mwinyijuma alimtandikia barazani mkeka mpya. Pembeni alikuwa amekaa mzee mwingine, jina lake Shehe, ambaye ni mjomba wake Msafiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Hawajambo huko utokako?"

Ikaja kahawa, ikaja kashata, zikaulizwa habari za mvua na za mkonge. Zebedayo alipoona wakati umefika alieleza shida yake, akiizungusha na kuifunga kwa maneno mazuri. Mzee Mwinyijuma alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Hayo sisi tuliyamaliza zamani," akasema. "Shehe huyu hapa alikuja na jamaa zake, wakaomba radhi, fatiha ikasomwa, tukala pamoja. Mimi sina kinyongo. Kijana na arudi. Mamaye mgonjwa, na minazi yao yaanguka nazi ovyo, haina wa kuikwea."

"Alhamdulillahi," Shehe akaitikia.

Zebedayo aliitazama karatasi mapajani mwake. Mwenyewe. Wino mwekundu. Aseme nini? Yeye mgeni, mwanamume, tena Mkristo, amekaa juu ya mkeka wa mtu, amekunywa kahawa yake, leo amwambie neno lako halinitoshi, nitolee binti yako nimuulize habari za aibu yake? Baba ameshajibu. Kumuuliza mtoto baada ya baba ni kumwambia baba machoni kwamba hana kauli nyumbani mwake. Zebedayo alilelewa hivyo, Mzee Mwinyijuma alilelewa hivyo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kwamba anafanya ubaya.

Mlango wa ndani ukasogea. Mwanasiti alisimama kizingitini, kanga kichwani, birika la kahawa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshika msokoto wa ukili. Zebedayo alimtambua kwa ukili ule, maana alikwisha kuutafsiri mara nyingi. Hakumtazama baba yake, wala hakumtazama Shehe. Alimtazama karani.

"Bwana karani," akasema taratibu, "asipofunguliwa mapema, arudi lini?"

Jibu alikuwa nalo: Novemba ya mwaka ujao. Lilikuwa jibu la pumzi moja. Lakini shingo ilimgeuka yenyewe, akamtazama kwanza mwenye nyumba, kuomba ruhusa ya kumjibu.

"Ingia ndani, mwanangu," Mzee Mwinyijuma akasema, wala hakusema kwa ukali. "Hayo twayaweza sisi."

Mwanasiti alikawia kidogo, kama mtu anayengoja chenji dukani. Kisha akaweka birika chini, akaingia ndani. Zebedayo akamimina kahawa ambayo hakuitaka, akainywa yote.

Swali la saba alilijaza kwenye kivuko wakati wa kurudi, karatasi ameiweka juu ya goti, upepo unataka kumnyang'anya. Kalamu ilisimama muda mrefu. Akajiambia kwamba neno la baba ndilo neno la nyumba. Akajiambia kwamba kama binti angekuwa na pingamizi angelisema palepale mlangoni. Mwisho akaandika neno moja: Amesamehe.

Dakta Maswali alilisoma neno lile mara mbili, akavua miwani. "Mwenyewe? Ulimwona?"

"Nilimwona, bwana," Zebedayo akasema. Kweli alimwona.

Daktari alifurahi kama mtoto. Akasema, maadamu mwanamke amesamehe, basi Msafiri amalizie hatua ya mwisho. Akifika asijifiche. Aende kwa mwanamke huyo, asimame mbele yake, amwambie kwa kinywa chake yote aliyomtenda, bila kuruka na bila kumtaja shetani, kama alivyokuwa akisema kibandani. Itamponya yeye, itamponya na mwanamke. Zebedayo alijua Mwera kuna jambo lililofunikwa, na alijua limefunikwa kwa ajili ya nani. Lakini ili amzuie daktari ingempasa kwanza afute neno aliloandika mwenyewe, aeleze na sababu. Akamgeukia Msafiri, akayatafsiri maagizo yote, hakupunguza hata moja.

Januari Msafiri akafunguliwa. Februari daktari naye alirudi kwao na makaratasi yake.

Jumapili moja ya mwezi wa Machi Zebedayo alikuwa uani, ametoka kanisani, Dorkasi anachambua mchele, ikasikika hodi. Aliingia mwanamke mwenye kifurushi kichwani na matope ya njia miguuni. Dorkasi alimkaribisha, akampa kiti na maji. Zebedayo alimtambua mara moja.

"Hakunigusa," ndilo neno la kwanza Mwanasiti alilosema. "Nataka ulijue hilo, bwana karani, usije ukaenda kuandika jingine. Hakunigusa."

Kisha akasimulia, macho yake yako kwenye kikombe cha maji. Msafiri alikuja siku ya Ijumaa, watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Alipiga magoti mlangoni pake akaanza kusema. Alianzia alipoamka siku ile. Alisema mlango alivyouvunja, alisema yeye Mwanasiti alivyomwambia, alisema mpaka ukili. Alikuwa analia, na kwa kuwa analia alisema kwa sauti. Watu wakasimama. Wanawake wa kisimani wakaweka ndoo chini. Baba alimkemea, jamaa zake wakamvuta, naye anasema niacheni, lazima nimalize, nisipomaliza sijapona.

"Nami nilikuwa ndani," Mwanasiti akasema. "Nyumba yetu ina mlango mmoja."

Dorkasi aliacha kuchambua mchele.

"Nilikuwa nimeposwa, dada. Fundi cherehani wa Kipumbwi, mtu mwema, hakujua lolote. Harusi ilikuwa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha. Nilijua yule yuatoka mwisho wa mwaka huu, nikapiga hesabu: atakaporudi, mie sipo, nipo kwa mume wangu, na hakuna atakayekuwa na haja ya kusema neno. Siku ile nilimuuliza bwana karani anihakikishie hesabu yangu. Lau angenijibu, ningemwambia mumwache huko mpaka siku zake. Sikutaka kingine." Akanywa maji kidogo. "Posa imerudishwa. Baba asema nimemvua nguo mbele za watu. Mimi."

Ruthi, binti yao, alichungulia mlangoni, mama yake akamwashiria arudi.

"Uliandika nini kwenye ile karatasi?" Mwanasiti akauliza.

Zebedayo aliangalia vidole vyake. "Niliandika kwamba umesamehe."

"Nani alikwambia?"

Hapakuwa na namna ya kulifunga jibu lile kwa maneno mazuri. Dorkasi alimtazama mumewe kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo. "Baba Ruthi," alisema, basi. Akainuka, akachukua kile kifurushi, akakipeleka chumbani kwa Ruthi.

Kwa muda wote aliokaa kwao Mwanasiti hakuomba chakula wala nauli. Aliomba jambo moja tu. "Mwandikie yule Mzungu wako. Mwandikie kwamba mimi sikuulizwa. Nataka paandikwe mahali."

Zebedayo alichukua siku nne kuiandika barua ile. Alijua ikifika kwa wakubwa kazi yake imekwisha, na kalamu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Niseme haki yake: alipiga moyo konde, akaandika kila kitu, kahawa, birika, kivuko, neno lile moja, akaitia posta kwa mkono wake. Usiku hakulala vizuri, lakini kwa mara ya kwanza tangu daktari aje gerezani alikula Ijumaa mchana.

Wakati huo huo habari za Msafiri zikafika. Amekimbia Mwera kwa aibu, yuko Maramba analima kibarua, hasemi na mtu. Waliomjua baadaye wanasema hakumsumbua mwanamke mwingine maisha yake yote. Kwa hiyo dawa ya daktari ilifanya kazi. Hata mimi nikitaka kuikana siwezi.

Jibu lilikuja Agosti, pamoja na kitabu chembamba chenye harufu ya wino mpya. Zebedayo alikifungua posta pale pale, amesimama. Wafungwa wa daktari hawakutajwa majina, walipewa namba, naye alimtambua Msafiri mara moja katika namba tisa, kwa habari ya ukili. Namba tisa ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Mwisho wa habari zake iliandikwa kwamba alirejea kijijini kwake, na kwamba mwanamke aliyekosewa alimsamehe mwenyewe.

Nyumbani alimkuta Mwanasiti uani, ameketi chini kivulini, ukili mrefu umelala mbele yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sasa, mikeka ya kuuza Pongwe. Dorkasi alikuwa karibu naye anamenya mihogo.

"Amejibu?"

"Amejibu."

"Nisomee."

Akamsomea, na safari hii hakulipamba neno hata moja. Daktari anashukuru kwa uaminifu wake. Amesikitika sana. Lakini kitabu kimekwisha kupigwa chapa, na kwa upande wa uchunguzi jambo hili halibadilishi hesabu, kwa kuwa namba tisa hajarudia kosa. Swali la saba lilikuwa la kupimia tu kama kijiji kitampokea. Habari ya wino mwekundu hakuitaja. Anawatakia wote heri, na anamwomba Zebedayo amfikishie mama huyo salamu zake.

"Basi?"

"Basi."

Vidole vya Mwanasiti viliendelea kusuka, kisha vikasimama. Zebedayo alianza kumwambia kwamba anaweza kuandika tena, kwamba yuko mkubwa mwingine Dar es Salaam, kwamba Mzungu yule hakuwa mtu mbaya, ni kwamba tu alikuwa mbali.

"Yule simlaumu," Mwanasiti akasema. "Yule hakuniona kwa macho yake."

Akanyanyua uso, akamtazama vilevile alivyomtazama siku ile akiwa kizingitini na birika mkononi.

"Wewe uliniona, bwana karani. Sasa niondolee mguu, umenikanyagia ukili."

Zebedayo akatazama chini, akaondoa mguu.